Leso ya Serikali ni Nyeupe

Nchi ya Tandavala haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta, wala asidhani kwamba anaijua. Ni nchi tulivu. Ina bendera, ina wimbo, ina Waziri wa Hewa. Kila asubuhi redio ya taifa hutangaza kwamba jua limechomoza, maana wananchi wengi, kwa kutazama juu tu, hawawezi kujua.

Upande wa mashariki Tandavala inapakana na nchi ambayo, kwa mujibu wa Mkataba wa Undugu, haitajwi kwa jina lake. Inaitwa Nchi Rafiki. Ng'ambo tu ya kijito cha mpakani Nchi Rafiki imejenga matanuri ya chokaa, yanayochoma makaa ya mawe na, makaa yakipungua, matairi. Mabomba yake marefu hutoa moshi mchana kutwa, na upepo wa pande zile una desturi moja, kutoka mashariki kwenda magharibi. Katika vitabu vya shule vya Tandavala mabomba hayo huitwa Minara ya Undugu.

Moshi ule haukuwa na kesi. Sheria ya Forodha inasema wazi kwamba kitu chochote ambacho hakikupita getini, kikakaguliwa na kugongwa muhuri, hakikuingia nchini. Wakulima wa mpakani waliwahi kwenda kwa mkuu wa forodha wakiwa na mafungu ya mchicha mweusi, wakataka kujua serikali inasemaje. Mkuu wa forodha aliwasikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Jamani," akawaambia, "mimi niko hapa getini tangu asubuhi. Ungepita ningeuona."

Basi, kwa kuwa moshi haukutoka nje, ulikuwa umetoka ndani. Na ndani ya nchi, ukiacha majiko ya akina mama, ambao ni wapiga kura, kinachotoa moshi ni magari. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Usafi wa Magari, na hivyo ndivyo Bwana Hemedi Mwinshehe alivyopata kazi.

* * *

Hemedi alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kumhukumu mtu wala kitu kabla hajakizunguka pande zote. Zamani alikuwa mpimaji wa mvua wa wilaya. Ofisi ile ilifungwa siku mvua iliponyesha nyeusi, Wizara ya Maji ikasema hayo si maji, na Wizara ya Madini ikasema bado inatafakari. Hemedi alikaa nyumbani akisubiri tafakari iishe, mpaka alipoitwa na Wizara ya Hewa kuwa Mkaguzi wa Moshi.

Mwanzoni wizara iliagiza mashine ya kupimia moshi. Ilipotolewa kwenye boksi ikaanza kulia, kabla haijaonyeshwa gari lolote. Wataalamu wakaizima, wakaiwasha, ikalia. Wakaitoa uani ipate hewa, ikalia zaidi. Wakaandika kwamba ni mbovu, wakairudisha ilikotoka.

Hapo ndipo Waziri wa Hewa, Mheshimiwa Mkumbukwa, alipobuni njia ya kizalendo. Kanuni zake zilikuwa fupi. Kanuni ya kwanza ilisema leso ya serikali ni nyeupe. Zilizofuata zilieleza kwamba leso hiyo ishikwe kwenye mdomo wa bomba la moshi, gari likinguruma, mkaguzi na dereva wakiwa wima, wakiimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa. Wimbo ukiisha leso itazamwe. Ikiwa imebaki nyeupe, gari lipewe stika. Ikiwa nyeusi, gari lifungwe. Na kila siku leso zifuliwe kwa sabuni, kisha zianikwe uani, nyuma ya ofisi, zikaushwe kwa hewa huru ya taifa.

Ua wa ofisi ya Hemedi ulitazama mashariki.

Tangu sheria ianze, hakuna gari lililopata stika. Mabasi yalifungwa, malori yakafungwa, pikipiki zikafungwa. Mzee mmoja alikuwa na lori bovu lililokaa juu ya mawe, kuku wake wanataga ndani, nalo likafungwa pamoja na kuku. Kila juma Hemedi alituma taarifa wizarani, na kila taarifa ilimfurahisha Waziri, kwa sababu ilionyesha jinsi magari yalivyokuwa maovu na jinsi sheria ilivyokuwa ya lazima. Moshi haukupungua. Waziri akasema hiyo inaonyesha kwamba yamebaki magari yaliyofichwa.

Baiskeli zilipoanza kukaguliwa, Hemedi alielekezwa kuweka leso mbele ya kinywa cha mwendeshaji. Punda walipofikiwa, aliandika kuuliza leso iwekwe upande upi. Jibu lilirudi likiwa na muhuri mkubwa: "Tumia busara."

"Upande wowote, baba," alisema mwenye punda, amemshika kamba. "Mimi ninachotaka kujua ni kimoja. Wimbo wa taifa anaimba nani? Mimi au yeye?"

"Utaimba wewe kwa niaba yake," alisema Hemedi.

Punda naye alifungwa.

Hemedi aliona, bila shaka, kwamba leso akizianua kambani haziwi nyeupe sana. Lakini alikuwa mtu mzima, na macho ya mtu mzima si ya kuaminiwa peke yake dhidi ya kanuni ya kwanza. Akanunua miwani. Alipoivaa leso zikawa nyeusi zaidi, akaona miwani haimfai, akaivua.

* * *

Mke wake, Mwanahawa, alikuwa na pumu. Zamani ilimjia wakati wa baridi tu, lakini miaka ya Minara ilipoanza ikawa haiangalii majira. Ikimbana, mabega hupanda, maneno humwisha, na jirani hukimbia kuita gari la wagonjwa limpeleke kituo cha afya, kwenye mtungi wa oksijeni. Kituo kilikuwa mbali, juu ya mlima. Gari la wagonjwa lilikuwa moja.

Alasiri moja Hemedi alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Mwanahawa alikuwa chumbani akitundika nguo kwenye kamba iliyokatiza juu ya kitanda.

"Una nini, baba Riziki? Umekaa kama mgeni."

"Kesho zamu ya gari la wagonjwa."

"Kuja kwa nani?"

"Kwangu. Kukaguliwa."

Mwanahawa akatoka mlangoni, vibanio vya nguo mkononi.

"Utalifunga?"

"Silifungi mimi, mama Riziki. Leso ndiyo inayofunga."

"Leso! Basi kifua kikinibana nitaibeba leso au leso itanibeba?" Akarudi chumbani, na sauti yake ikaja kutoka kule. "Si unayo miguu? Utanipandisha mlima mgongoni. Tutaimba njiani."

Hemedi alivua viatu polepole, akaingia chumbani, akasimama chini ya kamba. Pale juu ilining'inia kanzu yake ya Ijumaa. Alikuwa ameiona pale kila wiki, lakini hakuwahi kuitazama kama mtu anayekagua. Ilikuwa nyeupe.

"Hii umeifua lini?"

"Leo."

"Kwa nini huianiki nje kama watu?"

Mwanahawa akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akasubiri kipite. "Nje? Wewe mwanamume unaishi wapi? Ningekuanikia nje ungeingia msikitini kama umetoka kuchoma mkaa. Mtaa mzima tunaanika vyumbani. Muulize mama yeyote. Nyinyi serikali ndio mmebaki kuanika uani."

Hemedi alilizunguka jambo hilo pande zote, kama ilivyokuwa tabia yake. Kisha akatoa leso ya serikali mfukoni, akamkabidhi mke wake kwa mikono miwili.

"Nifulie na hii," akasema. "Uitundike karibu na kanzu."

* * *

Dereva wa gari la wagonjwa aliitwa Kibwana, kijana wa maneno mengi aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu. Alilileta gari mbele ya ofisi, akalipiga busu kwenye boneti.

"Buriani, mama," akaliambia. Kisha akamgeukia Hemedi. "Mzee wangu, nakuomba kitu kimoja tu. Uimbe haraka. Usimtese."

"Simama wima," alisema Hemedi.

Wakasimama wima. Gari lilinguruma, leso ikashikwa kwenye bomba, wimbo ukaimbwa, Kibwana akiuimba kama yupo mazikoni. Watu waliokuwa wakipita walisimama pia, maana ni kosa kutembea wimbo ukiimbwa. Ulipoisha, Hemedi akainyanyua leso. Katikati ilikuwa na kivuli kidogo cha rangi ya chai ya maziwa. Pembeni kote ilikuwa nyeupe kama mchele.

Mama mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani aliishusha chini.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Kibwana.

"Limefaulu."

"Limefanya nini?"

"Limefaulu. Subiri nikupe stika."

Ikawa kazi kuipata stika, kwa sababu boksi lake halikuwahi kufunguliwa na panya walikuwa wameliona kabla ya serikali. Stika iliyobaki nzima Hemedi aliibandika kwenye kioo kwa mkono wake, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kibwana aliondoka akipiga honi mtaa mzima.

Honi ile ilisikika mpaka wizarani.

* * *

Waziri alikuja mwenyewe. Kwa kuwa gari lake nalo halikuwa na stika, lilikuja injini ikiwa imezimwa, likisukumwa na maofisa wa wizara waliovaa suti, king'ora kikilia. Alishuka mbele ya ofisi akifuta jasho, ingawa hakuwa amesukuma.

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kukamatwa kama kidhibiti, likaegeshwa uani. Baraza liliwekwa uani, viti vimepangwa chini ya kamba ya leso. Watu wa mtaa walijaa. Mwanahawa alikaa mbele, ametandika kanga chini, ukingo wa mtandio ameubana puani.

"Mkaguzi," alianza Waziri, "leso ya serikali ulikausha wapi?"

"Chumbani, Mheshimiwa."

"Chumba cha nani?"

"Changu na mke wangu."

Uani pakavuma. Katibu wa Waziri alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Kwa hiyo leso ya serikali," alisema Waziri taratibu, "imelala kitandani kwa watu."

"Juu ya kitanda, Mheshimiwa. Kwenye kamba."

"Na ililala peke yake," alidakia Mwanahawa kutoka chini, "sisi tulikuwa tunakohoa."

Watu wakacheka. Waziri alisubiri wamalize.

"Madirisha yalikuwa wazi?"

"Tunayafunga, Mheshimiwa. Kwa sababu ya kifua chake."

"Mmeifungia nje hewa ya taifa!" Waziri aliwageukia wananchi, mikono ameifungua. "Ndugu zangu, mnasikia? Sasa nakuuliza swali la mwisho, Mkaguzi, ujibu kama mtu mzima. Unataka kusema kwamba leso ya serikali, ikianikwa hapa uani, inakuwa nyeusi kabla haijaliona gari?"

Hemedi alilitazama swali lile. Akisema ndiyo, hewa ya uani ilikuwa chafu bila gari, na uchafu ule ungelazimika kuwa umetoka mahali fulani, na mahali penyewe palikuwa na mkataba. Akisema hapana, alikuwa ameidanganya serikali kwa kamba ya mkewe. Akaona ni vizuri anyamaze kwanza.

"Anaogopa," alisema Waziri. "Mimi siogopi. Ileteni leso mpya kabisa! Itundikeni hapo juu, mbele ya macho ya umma, nami nitahutubia chini yake."

Leso ikatolewa kwenye karatasi yake, ikatundikwa. Waziri akakohoa kidogo, akaanza.

"Ndugu wananchi! Kipo kidole kinachotaka kunyooshwa kuelekea mashariki. Mimi nasema kidole hicho kikunjwe! Jirani ni jirani. Jirani hachaguliwi, jirani hafokewi, jirani anapungiwa mkono! Nani kati yenu amewahi kuuona moshi ukivuka mpaka? Amewahi kuiona pasi yake ya kusafiria? Moshi wetu ni wetu. Tumeutengeneza wenyewe, kwa uzembe wetu, kwa mabasi yetu, kwa baiskeli zetu, na tutaushinda wenyewe!"

Upepo ulikuwa umeanza. Ulikuja kutoka upande wake wa siku zote, na nyuma yake Minara ya Undugu ilikuwa imewekewa matairi. Waziri aliendelea kuhutubia na watu waliendelea kutazama, lakini hawakumtazama yeye. Walitazama juu kidogo ya kichwa chake, mahali ambapo leso ilianza kuwa kijivu, ikawa rangi ya jivu la jikoni, ikawa rangi ya sufuria kwa nje. Mwishowe katibu alimgusa Waziri bega. Waziri akageuka, akainua uso.

Aliiangalia mara moja tu. Hakuwa waziri kwa bahati.

"Kanuni ya kwanza inasemaje?" aliuliza.

"Leso ya serikali ni nyeupe, Mheshimiwa," alisema katibu.

"Basi ninatamka, mbele ya umma huu, kwamba leso hii ni nyeupe. Iandikwe. Yupo anayeona vinginevyo?"

Hakuwepo. Maofisa wa suti waliitazama leso wakakubali, na mmoja alisema inaumiza macho kwa weupe.

* * *

Hapo ndipo Mwanahawa alipoangukia ubavu.

Hemedi alimwona kabla ya wengine, kwa sababu alikuwa akimtazama muda wote. Mabega yalikuwa yamepanda. Mdomo ulikuwa wazi, nao ulikuwa hauingizi pumzi. Alimfikia, akamkalisha, akamwegemeza kifuani mwake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akapaza sauti.

"Kibwana! Washa gari!"

"Lisiguswe!" alisema katibu. "Ni kidhibiti. Halina ruhusa ya kunguruma mpaka likaguliwe upya kwa leso halali."

"Mheshimiwa," alisema Hemedi, "mke wangu anakufa."

Waziri alionyesha uso wa mtu anayeumia kwa ajili ya mwenzake. "Pole sana, Mkaguzi. Kweli pole. Lakini sheria haiwezi kuruka."

Hemedi akamkabidhi Mwanahawa kwa yule mama wa ndoo. Akasimama, akaianua leso kambani, akaenda nayo kwenye gari. Kibwana, bila kuambiwa mara ya pili, aliruka ndani, akawasha, akatoka, akasimama wima. Wakaimba. Waliuimba ubeti kwa mwendo ambao wimbo ule haujawahi kuimbwa tangu utungwe, na watu wote waliusimamia, hata Waziri, kifua mbele.

Hemedi akarudi na leso, akaitandaza mbele ya Waziri kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeusi.

"Masikini," alisema Waziri. "Limefeli."

"Mheshimiwa," alisema Hemedi, sauti yake imerudi chini. "Leso hii ilikuwa rangi gani kabla sijaipeleka kwenye gari?"

"Nyeupe. Si nimeshatamka?"

"Na imeandikwa?"

"Imeandikwa," alisema katibu.

"Naomba Mheshimiwa aitazame. Imebadilika?"

Waziri aliitazama. Aliigeuza upande wa pili. Akamtazama katibu, katibu akatazama viatu vyake. Nyuma yao Mwanahawa alivuta pumzi kwa sauti kama ya mlango unaokokotwa.

"Haijabadilika," alisema Waziri.

"Basi imebaki nyeupe."

Waziri alifungua kinywa ajibu, na moshi wa matairi ukaingia ndani yake kabla ya jibu kutoka. Akakohoa. Akakohoa tena, akainama, akajishika magoti, miwani ikaanguka. Alipoinuka uso ulikuwa mwekundu na mkono ulikuwa unaonyesha gari la wagonjwa.

"Limefaulu," alisema kwa kilichobaki cha sauti yake. "Nipandisheni."

"Ametangulia mama," alisema Kibwana. "Wewe panda mbele, Mheshimiwa, na ufunge mkanda."

* * *

Kituo cha afya kilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni na kikombe kimoja cha kupumulia. Muuguzi, mwanamke mnene asiyesoma magazeti, alivisogeza vitanda viwili pamoja akauweka mtungi katikati.

"Mtapokezana," akasema. "Mama kwanza, ndiye aliyekuwa na hali mbaya. Wewe baba utasubiri."

Mwanahawa alivuta. Mabega yakaanza kushuka, kidogo kidogo, mpaka Hemedi aliyekaa sakafuni ameshika kisigino cha mke wake akaona vidole vya miguu vinarudia rangi yake. Alitaka kusema jambo, akaona halina haraka.

Zamu ya Waziri ilipofika alivuta, akapata nguvu, akamwita katibu wake aliyekuwa amewasili kwa kukimbia nyuma ya gari. Akamwandikisha taarifa ya redio. Kwamba ukaguzi mpya umethibitisha leso ya serikali haibadiliki rangi ikiwekwa kwenye gari. Kwamba kwa hiyo magari yote ya Tandavala ni safi, na mabasi, malori, baiskeli na punda wafunguliwe. Kwamba moshi, kwa kuwa hautoki nje wala hautoki kwenye magari, hautoki popote.

"Na kitu kisichotoka popote?" aliuliza katibu, kalamu juu.

"Hakipo," alisema Waziri. "Andika hewa imekuwa safi kuanzia leo." Akakohoa, akanyoosha mkono kutaka kikombe tena.

Lakini ilikuwa zamu ya Mwanahawa. Muuguzi alikuwa amekwisha kumvika. Alivuta kwa raha, bila haraka, macho yake yakiupitia mtungi kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa mtungi wa kijani, wenye maandishi ya kiwanda cha Nchi Rafiki, na chini yake palikuwa na muhuri wa bluu wa geti la forodha: umekaguliwa, umeingia nchini.

Akakivua kikombe, akampitishia Waziri.

"Vuta, mwanangu," akamwambia. "Usiwe na wasiwasi. Hii walau imepita getini."